Kikohozi cha Mama Pacha

Jumatatu asubuhi fundi seremala aliingia chumba cha kuonjea na mbao nne za plaiwudi begani, na katika kiwanda kizima ni mtu mmoja tu aliyekosa raha kwa kuziona. Mtu huyo walimwita Pua.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Meza moja ndefu nyeupe, viti vitano, sinki, ndoo ya kutemea, na dirisha lililopakwa chokaa ili jua lisidanganye rangi ya bia. Hapo ndipo kila pipa la kiwanda kile lilipohukumiwa kabla ya kutoka: bia ya ngano, ya dhahabu, chungu yenye hopsi nyingi, yale maua ya kutia uchungu, nyekundu, na nyeusi ya shayiri iliyokaangwa. Pua alikuwa amekalia kiti cha pili kutoka ukutani kwa miaka tisa. Cha kwanza, kushoto kwake, kilikuwa cha Mama Pacha wa stoo.

"Fundi, mbao hizi zinapanda mpaka wapi?"

"Zitakupita kichwa, kaka. Kila mtu na kibanda chake, kama mnapiga kura."

"Sasa tutaonanaje?"

"Mnataka kuonana ya nini? Si mnakuja kunywa?" Fundi akacheka peke yake, penseli sikioni.

"Na sauti je? Inapita?"

"Sauti inapita, bwana. Mimi nimeagizwa macho tu. Masikio hayamo kwenye oda."

Pua akashusha pumzi, lakini nusu tu. Nusu nyingine ilibaki kifuani.

Tuseme ukweli, pua yake haikuwa ya kubahatisha. Aliingia pale kuosha mapipa, na siku moja, kichwa kikiwa ndani ya pipa, akasema, "Hili linanuka boksi lililonyeshewa." Waliokuwa karibu wakamcheka. Mpishi Mkuu, yule mama mrefu anayepika bia zote za pale na asiyecheka ovyo, akaja, akainama, akanusa mwenyewe. Wiki iliyofuata mwosha mapipa akapewa kiti. Tangu hapo alisikia harufu ya shaba pale wengine waliposikia bia tu. Alisikia mahindi ya kuchemsha, yai viza, bia iliyopigwa na jua dirishani. Kwenye ya ngano aliweza kukwambia kama ndizi imeizidi karafuu au karafuu imeizidi ndizi. Mama yake mzazi hakuwa na habari nyingine ya kuwapa wageni. Majirani nao walimsimamisha njiani: "Nafasi ikitokea unikumbuke, jirani. Hata ya kushika ndoo!" Hawakuamini kwamba alirudi nyumbani akiwa mkavu, amelamba vijiko viwili vitatu vya bia, akatema, akala mkate mtupu, akanywa maji.

Harufu moja tu ilimkataa. Siagi.

Bia iliyotolewa mapema, kabla hamira haijamaliza kazi yake, hubaki na harufu ya siagi. Ni kasoro ya kila siku. Mtoto wa darasa la kwanza angeisikia. Mwezi wake wa kwanza mezani, Mpishi alipitisha glasi iliyotiwa kasoro hiyo makusudi, na wote wakakunja nyuso. Pua akanusa. Akanusa tena. Maji yangekuwa na harufu zaidi ya ile bia. Alikuwa mgeni, kiti hakijapata hata joto lake, na pembeni yake Mama Pacha akajikohoza: "Khm." Pua akakunja uso na yeye, akaandika: siagi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Akagundua kwamba Mama Pacha hujikohoza kila siagi inapompita kooni, na kwa harufu nyingine hajikohozi. Khm moja, Pua anaandika siagi. Bila khm, anaandika safi. Watu husema wanasikia harufu. Yeye hii aliisikia kweli, kwa sikio la kushoto. Kwa miaka tisa hakukosea hata mara moja.

Akakosea wiki tatu kabla ya mbao kuja. Siku hiyo Mama Pacha alikuwa hospitali, mmoja wa pacha wake amepandwa na homa. Mezani walikuwa wawili tu, Pua na dereva wa gari la kiwanda, mwenye kiti cha tatu. Pua akaonja nyeusi, akasikiliza upande wa kushoto, hakuna kitu. Akaandika safi. "Pua akisema safi, mimi ni nani nibishe?" dereva akasema, akatia sahihi. Siku ya tatu bia ikarudi yote. Wanywaji walisema wameuziwa biskuti za siagi kwenye glasi.

Lawama ikamwangukia dereva, kwa sababu alivuta sigara. Hakuna aliyemwuliza Pua hata swali moja, na hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Dereva hakununa. Alizitupa sigara zake kwenye pipa la taka mbele ya watu wote, akaanza kutembea na karoti mfukoni.

"Siku kumi na tisa, Pua," alimwambia getini, akitafuna. "Nimeanza kusikia harufu ya mke wangu. Sikujua anapaka mafuta ya nazi! Ijumaa nitawaonyesha."

"Utaweza tu, ndugu yangu," Pua akasema, macho yake yakiwa kwenye viatu vya dereva.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya jaribio. Mpishi alikuwa amekwisha kukata maneno: pale mezani mmoja akikunja uso, wote wanakunja, sasa kila mtu atakaa peke yake na glasi tano. "Na asiyesikia kasoro," alisema, "namheshimu, namshukuru, lakini kiti aniachie."

Jumatano Pua alimwomba mkewe amsaidie jikoni. Vikombe vitatu vya maziwa ya uvuguvugu, kimoja kimetiwa kijiko cha siagi. Yeye amefunga macho kwa kanga.

"Hiki," akasema.

"Hicho hakina kitu. Rudia."

"Basi hiki."

"Baba watoto, unanichezea?" Mkewe akamfungua kanga, akamtazama kama anatafuta homa. "Mimi nimesimama huku mlangoni na ninaisikia. Wewe si ndiye Pua?"

"Mafua haya."

"Mafua gani yasiyo na kamasi?"

Alivinywa vikombe vyote vitatu ili ushahidi usibaki mezani, akajiambia maneno ya fundi: sauti inapita. Alhamisi nzima alimlinda Mama Pacha kama yai. Alimwuliza kama amelala vizuri, kama koo haliumi. Alipomwona na chupa ya maji baridi, nusura ampokonye.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Plaiwudi ilikuwa bado inanuka gundi, kwa hiyo wakaacha mlango wazi kwa muda. Kisha Mpishi akaufunga. Kila mtu kwenye kibanda chake: glasi tano ndogo, kipande cha mkate, maji, kopo la kutemea, fomu. Pua akajipangusa viganja kwenye suruali, na hakuwa na wa kumficha. Lile lilikuwa jambo jema pekee la zile mbao.

"Anzeni kushoto kwenda kulia," sauti ya Mpishi ikasema. "Glasi moja dakika tatu. Nitagonga meza. Sitaki mazungumzo."

Akagonga.

Ya kwanza ilikuwa ya ngano. Ndizi, karafuu, povu zito. Safi. Upande wa kushoto kimya. Mpishi akagonga tena. Ya pili nyekundu, na kabla haijafika mdomoni Pua aliisikia: boksi lililonyeshewa, rafiki yake wa siku zote. Akaandika haraka, na moyo wake ukatulia kwa muda wa kutafuna mkate. Ya tatu ya dhahabu. Shaba, kwa mbali sana, kama ulimi umegusa ufunguo. Akaandika. Ya nne ile chungu. Hopsi zilimpanda puani kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na nyuma ya hopsi hakuona kitu.

"Khm."

Ilipita kwenye plaiwudi bila taabu. Pua alikaribia kucheka kwa raha. Akaandika: siagi. Akaweka na nukta.

Ndipo akasikia, kutoka kibanda cha kulia, dereva akinong'ona na nafsi yake jinsi asivyoweza kujizuia hata kwenye usukani: "Eeh, mama ngano, leo una ndizi wewe…"

Ngano? Pua alikwisha kuimaliza ngano tangu mwanzo. Dereva yuko glasi ya nne, naye yuko glasi ya nne. Ya dereva ni ngano.

Glasi hazikupangwa sawa. Kila mtu alikuwa na mpangilio wake, kwa hiyo ile khm ilikuwa ya glasi ya nne ya Mama Pacha, na glasi ya nne ya Mama Pacha ingeweza kuwa bia yoyote. Akaifuta siagi kwa kifutio mpaka karatasi ikataka kutoboka. Mpishi akagonga. Ya tano nyeusi. Ilikuwa na kahawa, ilikuwa na ganda la mkate lililoungua kidogo. Zaidi ya hapo ilikuwa ukuta mtupu, kama wiki tatu zilizopita. Iandikwe siagi kwenye nyeusi? Au chungu? Nafasi ilikuwa nusu kwa nusu, na kwa kubahatisha angeweza hata kushinda. Angeshinda leo. Kisha wiki ijayo?

Kulia kwake karoti ikavunjika. Ka.

"Khm," Mama Pacha akafanya. Halafu tena, "Khm. Khm!" kama mtu anayegonga mlango na kujua kwamba mwenye nyumba yumo.

Pua akaganda. Bia haiwezi kumfanya mtu ajikohoze hivyo. Yule mama alikuwa anamwita.

Miaka tisa. Masikio yakamwaka moto.

Akachukua penseli. Kwenye safu ya kasoro, chini kabisa, akaandika kwa herufi kubwa ili asipate pa kurudi: SIAGI SIISIKII. SIJAWAHI KUISIKIA. NYEUSI ILIYORUDI NILIIPITISHA MIMI, DEREVA ALINIFUATA TU. Akaipeleka fomu mwenyewe kabla meza haijagongwa.

Mpishi aliisoma amesimama. Akairudia. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Nawe umekuwa ukiandika nini muda wote huo?"

Jibu likatoka kibandani. "Alikuwa ananiandika mimi," akasema Mama Pacha, na uso wake ukachomoza juu ya ubao. Alikuwa amepanda kiti. "Nilimwonea huruma mwezi ule wa kwanza, kamekaa pale kanatoa macho. Nikamkoholea. Halafu sikujua pa kuachia. Siku ile hospitali nimempakata mwanangu nikawaza, Mungu wangu, leo nani atamkoholea yule?"

"Kwa hiyo," dereva akasema polepole, karoti mkononi, "mimi nimeacha sigara bure?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa dereva mwenyewe, na hata yeye hakumaliza. Akamgeukia Pua. "Wiki tatu, kaka. Ulinipita getini kila siku."

"Nilikupita," Pua akasema. "Nisamehe."

Dereva akaivunja karoti, akatafuna.

Mpishi alimweka Pua kwenye benchi nje ya ofisi yake mpaka saa saba. Kwenye benchi lile alifunga na kufungua kifungo kimoja cha shati mpaka uzi ukalegea. Alipoitwa, Mpishi alikuwa na fomu mbili mbele yake, ya leo na ile ya bia iliyorudi.

"Boksi umelipata peke yako," akasema. "Shaba hata mimi niliyeitia nimeisikia kwa shida. Kwa hayo unabaki. Kwa hili," akaigonga fomu ya zamani kwa kidole, "hutatia sahihi peke yako tena katika kiwanda hiki, wala hutakuwa wa kwanza kutia. Na jina la dereva ninalisafisha mbele ya watu wote, wewe ukiwa umesimama hapo."

"Ndiyo, mama."

Jumatatu alikuta fomu yake imepigwa mstari wa rula kwenye safu ya siagi, mweusi, mnyoofu, kila aliyepita aliuona. Akakaa. Akainua glasi ya kwanza.

Upande wa kushoto: "Khm."

"Mama Pacha!" Mpishi akafoka.

"Jamani, leo ni mafua kweli!"

Na kibandani kwake, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Pua aliisikia khm na hakuandika kitu.