Fungu la Mchanga Alilolinda Baba

Baba aliondoka kwetu Kyuso nikiwa darasa la tatu, akaenda Pwani kulinda maji. Ndivyo mama alivyotueleza, na sisi watoto tukacheka. Kwetu maji yalilindwa kwa kufuli kwenye tangi, si kwa askari.

Maji yenyewe niliyaona nikiwa kidato cha kwanza, likizo ya Agosti, mama aliponituma nimpelekee ndengu. Lilikuwa ziwa la chumvi, refu na tulivu, lililotengwa na bahari kwa fungu la mchanga tu. Upande wa kaskazini palikuwa na uwazi ambao wenyeji waliuita mlango, na hapo ndipo bahari ilipoingia na kutoka. Samaki wadogo walikulia humo kati ya mizizi ya mikoko. Ilikuwa hifadhi: huvui, hukati mkoko, huchukui chaza.

Siku ya pili nilimwona baba akimnyang'anya mama mmoja wa kijiji cha jirani kapu la chaza.

"Bwana askari," yule mama akasema bila kupaza sauti, "mimi nilipoolewa hapa, mlango ulikuwa kule kusini. Bahari ikauziba, ikafungua huu. Na yenyewe utaikamata?"

Baba alicheka, akamwaga chaza majini. Alasiri tulipigilia vigingi juu ya fungu, mimi na yeye, ili mchanga usihame. Alinionyesha nyayo za kasa, akanitajia ndege mmoja mmoja. Sikuwahi kumwona na furaha ile nyumbani. Niliporudi nilimwambia mama kwamba baba ana kazi nzuri. Mama aliendelea kupepeta.

Alilima peke yake miaka yote ile, na mbuzi akawachunga peke yake. Alipougua, mimi nilikuwa nimeanza kufundisha mjini Kitui. Nikampigia baba simu.

"Wiki hii kasa wanataga," akasema. "Nitakuja wakimaliza."

"Baba, mama hali chakula."

"Nimesikia, mwanangu. Nitakuja."

Alikuja kwa mazishi. Alilala siku mbili, akarudi kwa maji yake.

Mwaka uliofuata, bamvua, kule kujaa kukubwa kwa bahari, ilikuja pamoja na upepo mkali. Asubuhi moja bahari ilipanda juu ya fungu, ikalikata katikati, pale pale kwenye vigingi. Nyumba ya baba ilikwenda na mchanga. Mlango wa kaskazini ukaanza kujaa, na mikoko ya upande ule ikafukiwa mizizi, ikakauka imesimama. Wakubwa wake wakamwambia kituo kile kimefungwa, na umri wake pia umefika.

Nilikwenda kumchukua. Nilimkuta amekaa juu ya begi, akitazama maji yakipita kwa kasi mahali alipokuwa akipikia chai.

"Ningeongeza vigingi," akasema.

"Haingesaidia, baba."

Aliinuka, akachukua begi. Njiani tulisimama Mtito Andei kula, akaacha nyama kwenye sahani. Nilingoja aseme neno juu ya mama, kwa kuwa tulikuwa tunakaribia kwetu. Alisema, "Sijui wale ndege watakwenda wapi."

Sasa anaishi kwangu Kitui. Ana simu ndogo, na kila Jumapili baada ya kanisa humpigia askari mwenzake aliyebaki Pwani. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba lile ziwa halikufa. Kwa mlango mpya maji yalisogea kusini, yakatanda mahali palipokuwa chumvi tupu. Miche ya mikoko imeota huko bila kupandwa. Samaki wamerudi, ndege pia.

"Limekuwa kubwa kuliko mwanzo!" baba akaniambia, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilitaka kumwambia kwamba lile ziwa halikumhitaji hata siku moja, na kwamba kuna mtu aliyemhitaji. Maneno yalifika mdomoni. Nikayameza, si kwa huruma, bali kwa kuwa nilijua angenijibu habari za kasa.

Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke akalione, mara moja tu, kabla miguu haijamwishia nguvu. Nilimwambia nina kazi nyingi shuleni. Shule zilikuwa zimefungwa, na yeye alijua.