Inyamanza Arobaini na Mmoja

Harufu ya majani ya mikaratusi yaliyolowa umande hunirudisha mpaka leo kwenye njia ya juu ya Mlima Kigali. Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka 1991. Nilikuwa na miaka kumi, binti wa fundi cherehani wa Nyamirambo, na mwandiko wangu mzuri ulinitia maringo kupita kiasi. Mwalimu Veneranda, jirani yetu aliyenifundisha darasa la nne, alikuwa amejitolea kuhesabu ndege wa mlimani kwa ajili ya mtafiti mmoja mgeni, akanichagua niwe karani wake. Asubuhi tuliwapita mafundi wakipuliza mkaa wa pasi zao, tukashika njia nyembamba ya kupanda, mpaka mji mzima ukabaki chini yetu na baridi ikatuuma masikio. Yeye alitaja ndege, mimi nikachora mstari kwenye safu yake. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Ndege mmoja tu hakumtaja kamwe, naye ndiye aliyejaa njiani: inyamanza, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia kila anapotua. Siku ya tatu nilimwonyesha kwa kidole, nikidhani mwalimu hakumwona. Alishusha mkono wangu taratibu.

"Ile usiandike, mwana wanjye," alisema. "Ile iko ya kwetu."

Alinieleza kwamba ukoo wao, Abagesera, humhesabu ndege huyo kama mtu wa nyumbani. Hauawi wala hafukuzwi, na akijenga kiota kwenye paa lako umepata baraka. Nilimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nilikasirika. Si yeye mwenyewe aliyetufundisha kwamba kuacha swali bila jibu ni uvivu? Basi nikaanza kuwahesabu kimya kimya. Siku ya mwisho aliponiachia daftari nilinakili kwa mwandiko safi, nilikaa kwenye meza ya baba, katikati ya vipande vya kitenge, nikajaza safu tupu ya inyamanza: mistari arobaini na mmoja, na pembeni nikaandika mahali pa kila kundi, penye chemchemi, penye mwamba, penye mti ulioanguka. Nikalipeleka mwenyewe kwa mtafiti bila kumwonyesha mwalimu.

Wiki tatu baadaye mtafiti alikuja kwa Mwalimu Veneranda kumshukuru, nami nikaitwa nipate sifa zangu. Alisema hajapata kuona daftari lenye maelekezo safi namna ile, vijana wake wa kutega ndege kwa nyavu hawakupata taabu yoyote. Kisha akafungua sanduku bapa la mbao. Ndani, juu ya pamba, inyamanza saba walilala chali, macho yao yamejazwa pamba, na kila mguu umefungwa kikaratasi. Kwenye kikaratasi cha kwanza niliyasoma maneno yangu mwenyewe: penye chemchemi. Mwalimu hakunigombeza. Alisubiri mgeni aondoke, akasema kwa sauti ndogo, "Uliwaonyesha penye wanakaa."

Hakupanda tena mlimani. Aliendelea kunisalimu na kunisahihishia madaftari, lakini kalamu yake hakuniazima tena, na mimi sikuthubutu kuomba msamaha. Nilidhani muda upo. Mwezi wa Aprili 1994, watu waliokuja nyumbani kwake walikuja na karatasi mkononi. Baba aliwaona kupitia ufa wa mlango wetu. Alisema hawakumuuliza mtu yeyote nyumba ni ipi.

Sasa nimempita umri. Jumamosi moja kila mwezi napanda mlima ule ule na vijana wanaojitolea kuhesabu ndege, kila mmoja na simu yake. Siku hizi hakuna nyavu wala sanduku, nao ni watoto wema, wanawapenda ndege kweli. Mwezi uliopita, kwenye chemchemi, inyamanza alitua hatua mbili kutoka kiatu changu, akatikisa mkia. Msichana niliyeongozana naye alikuwa akitazama juu mitini. Aliniuliza kama nimeona chochote hapo chini. Nikamwambia sijaona kitu.