Herufi Ishirini na Mbili

Siku hiyo tulikuwa wanne barazani. Mwenye duka la blanketi, ambaye mke wake tuliimba naye kwaya. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa kuchora maandishi kwenye kuta za maduka. Mama mkwe wangu, aliyekuja kupumzisha miguu. Na mimi, niliyeuza viazi vitamu papo hapo, njia ya kwenda Mukumu. Majina yote ninayo kichwani, hata la mbuzi aliyefungwa mlangoni, lakini siyaandiki. Wajukuu wao bado tunasalimiana.

Ilikuwa miaka ile miwa ililipa, mtu akitoka kupokea pesa zake anatembea katikati ya barabara kama yeye ndiye gari. Mwenye duka alitaka wapitie kwake kwanza.

"Mama, wewe unajua kuita watu. Nipatie neno la ukutani."

Nikafikiri huku nikimenya kiazi. Nikamwambia: Lala kama aliyelipwa miwa.

Alicheka mpaka akashika mlango. Shemeji akahesabu kwa vidole: herufi ishirini na mbili, na yeye alilipwa shilingi moja kwa kila herufi. Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe nini?" akasema mwenye duka. "Yeye ananunua rangi. Maneno si watu wanasemanga bure? Chukua sukari kilo moja."

"Sukari? Kwangu miwa imefika mlango wa choo! Nilipe kama yeye."

Mama mkwe akanifinya. "Nyamaza, mke wa mwanangu. Uliyeishia darasa la tatu unadai mshahara wa mwalimu?"

"Mama, mwalimu hakumpa hilo neno. Nimempa mimi."

Mwenye duka akakasirika. Ili asinilipe, na shemeji naye apate kidogo, akalikata neno langu. "Andika tu Lala kama miwa. Hilo sasa ni langu."

Shemeji akanitazama. Mimi nikaendelea na kiazi changu. Akachora, kwa rangi nyekundu.

Yule bwana hakuwahi kupanda hata mstari mmoja wa miwa. Mkulima anajua miwa ikilala ni hasara: panya wanaingia, wakataji wanakataa kuigusa. Siku ya malipo watu wakaja, wakasoma, wakashikana mabega kwa kicheko.

"Huyu anatuapiza!"

"Brangeti ya panya hiyo!"

Wakapita hadi duka la pili.

Wiki haikuisha. Akaja mwenyewe mbele ya kikapu changu, kofia mkononi. "Mama, lile neno lako refu..."

"Lipo. Ishirini na mbili."

"Hata nane?"

"Kwa nane nakupa Lala kama. Mengine umalizie mwenyewe, si ulishajaribu?"

Akalipa. Mwenye posho mill ya kusaga unga alipokuja kutaka neno lake, mama mkwe ndiye alimjibu kabla sijafungua mdomo: "Huyu bei yake ni ya fundi wa rangi."

Na neno fupi sikulipunguzia bei kamwe. Fupi ndilo gumu.

Kama nimekosea rangi ya ukuta, au nani alicheka kwanza, ninyi mliokuwepo nisahihisheni, nitashukuru. Bei msiiguse.