Zabibu za Wakwe

Niaje watu wangu. Punguzeni redio kidogo, niwasomee haya niliyoandika kwa mkono wangu.

Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kwa jirani yangu hapa Mbotela kuongea mambo ya binti yake. Mama wa binti alitaka waone msichana anatoka nyumba nzuri, kwa hivyo kando ya nyama akaamua kupika wali wa viungo, zabibu na korosho. Mimi ndiye nilimsomea mapishi kwa pakiti, polepole, bila kuruka neno.

Alichanganya mchele, zabibu na korosho kwa sinia, akaenda jikoni kukaanga vitunguu na viungo. Hapo wifi yake, aliyefika asubuhi kutoka Kakamega, akaona sinia. Kwao mchele haupikwi kabla ya kuchaguliwa. Akaketi, akachagua.

"Wifi, mchele ya Nairobi iko na uchafu!" akasema. "Njugu nimekula, hizo nyeusi nimerushia kuku."

Mama wa binti alishika kichwa. "Wifi, umenimaliza! Leo wakwe watasema nini?"

Wageni walikuwa mlangoni tayari. Wali ukapikwa hivyo hivyo.

Mama wa kijana alionja, akaonja tena. "Huu sasa ni wali," akasema. "Kule kijana wangu mkubwa alioa walitutilia zabibu. Tulimeza tu kwa heshima."

Wifi akanyoosha sahani. "Niongezee."

Pakiti inakuambia utapika vipi. Haikuambii nani anakuja kula. Haya, naitwa kuosha sufuria. Nikimaliza nitarudi kwa kiti changu, msikikalie.