Ganda Lililobonyea Mdomo

Siku moja siisahau, mwanangu, hata nikijaribu. Tulikuwa tumerudi kwetu Bugendana kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, maharage yetu ya kwanza hata maua hayajatoa, na mama alikuwa ametengeneza urwarwa, pombe yetu ya ndizi, ili tumpokee jirani yetu Mzee Venansi.

Venansi alikuwa mhunzi. Baba yangu alipouawa kwa risasi, sisi tukiwa tumeshakimbia, ni yeye aliyemzika. Alimzika peke yake, kwa woga, pasipo mtu kuona. Miaka yote tuliyokaa kambini alilima kipande cha shamba letu, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikimchoma kaka yangu Elia. Alikuwa hawezi kukitazama bila kukunja uso.

Chungu kikawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Kwetu neno zito halisemwi kabla watu hawajanywa pamoja. Mzee akavuta kidogo, akafuta midomo, akatoa kikopo kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na ganda la risasi ya bastola, la shaba, fupi, mdomo wake umebonyea upande mmoja.

"Hii niliokota pale baba yenu alianguka," akasema. "Nikaiweka, nikasema siku moja watoto watarudi. Bon, kesho asubuhi tutaenda, mi nitawaonyesha pale nilimulalisha."

Mama akaanza kulia. Tangu tuvuke mpaka nilikuwa sijamwona akilia.

Elia akalichukua lile ganda, akaligeuzageuza. Bunduki alikuwa ameziona mabegani mwa polisi wa kambini, basi, lakini wee, kujua alijua yote! "Ganda la risasi hutoka likiwa duara," akasema. "Hili limepigwa nyundo. Wewe si mhunzi? Umeokota takataka za kibandani kwako uje utulainishe, tukuachie shamba." Kisha akachomoa mrija wake chunguni, akauvunja.

Kuchomoa mrija mbele ya mwenzako ni kumwambia kwamba amekutilia sumu, hata kama chungu ni chako. Hata mlevi hafanyi hivyo.

"Mi niko muongo?" mzee akauliza, akimtazama mama. Mama alikuwa amefunika uso kwa kitenge, hakumsikia. "Basi. Mutafute nyinyi wenyewe."

Wiki ileile alifunga kibanda chake, akahamia Muyinga kwa binti yake. Mama alitaka kumfuata. Elia akasema mwongo akiondoka usimkimbilie.

Msimu uliofuata nililichukua ganda lile, nikaenda nalo mjini Gitega, mtaa wa Yoba, kwa Salvatori, fundi mwashi aliyewahi kuwa askari. Nilitaka tu mtu aniambie kama lilipigwa nyundo kweli. Alilishika kwa vidole vilivyojaa saruji, akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka.

"Hii haikupigwa nyundo, dada," akasema. "Bastola yenyewe inafanya hivi. Ukipiga, chuma ya juu inarudi nyuma mbio, inavuta ganda na ukucha yake. Ganda inagongwa kwa kitako, inaruka nje kwa kadirisha ka pembeni. Sasa ile kuruka, inajigonga kwa ukingo wa dirisha, ao chuma ikirudi mbele inaipata mdomo. Shaba iko laini, chuma iko ngumu. Si zote, lakini nimeona nyingi sana."

Nilirudi nikamweleza Elia. Alijaza dumu la urwarwa, akachukua mirija miwili, akapanda basi la Muyinga. Alikuta kaburi la mzee bichi, udongo bado haujakauka. Binti wa marehemu hakulipokea lile dumu. "Baba hakutuachia neno," alimwambia. "Alisema tu watu wa Bugendana watajitafutia wenyewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama amekufa bila kujua mahali mumewe alipo. Tunalima, na kila jembe likigonga kitu kigumu Elia husimama, huinama, hukuta ni jiwe. Kaka yangu sijamsamehe, nakwambia wazi, na chakula chake napika mimi kila siku. Usiniulize hayo yanakaaje pamoja.

Basi sikia, mwanangu. Amani ikija, watu watakuletea vitu vya zamani vilivyobonyea, na wao wenyewe watakuja wamebonyea, na wewe pia. Usikimbilie kusema nani kapiga nyundo. Ulizia kwanza kitu hicho kilipitia mlango gani. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kujua kabla ya kuuliza. Na hata ukimshuku mtu, mrija wako uache chunguni. Kunywa, nenda naye asubuhi akakuonyeshe, ndipo ugombane naye ukitaka. Shamba lingengoja. Aliyelijua kaburi la baba hakungoja.

Mungu akupe ulimi mzito na masikio mepesi. Akuzeeshe kwako, si ugenini. Na siku yako ikifika, wanao wapajue mahali ulipolala.