Salamu kwa Fundi wa Betri za Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo hakunipa hata kiti. Alinishikisha waya mwembamba kama tambi, akaniambia, "Huu unapita kwenye mshipa wa hapa begani hadi ndani ya moyo. Anayeusukuma ni daktari. Wewe utapima tu. Na mgonjwa si wako, usizungumze naye." Nilikuwa binti wa Ileje mwenye kiherehere kingi, nikaitikia, "Sawa, mkuu."

Betri ya moyo, kwa nyinyi msioijua, ni kidude kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua ili kuusukuma moyo unaozembea. Wakati wa kuiweka, mgonjwa yu macho. Ganzi ni ya hapo begani tu. Fundi hupima umeme mdogo kabisa unaotosha kuuamsha moyo. Ukihitajika mwingi, ujue waya haujashika vizuri.

Baadaye Meneja wa Ufundi alinitoa Dar es Salaam akanipeleka Tunduma. Wenzangu walinicheka, lakini yule baba alikuwa na akili. Pale mpakani nilipata mtandao wa Tanzania na wa Zambia, mmoja ukikata nahamia wa pili. Nikakaa chumbani na kompyuta, malori yakipiga honi nje, nikiwasaidia madaktari wa hospitali zisizo na fundi. Naona vipimo na picha ya eksirei, nasema, "Sogeza kidogo, daktari. Hapo hapo." Moyo wa mtu nisiyemjua unaanza kwenda sawa. Raha ile naikumbuka mpaka leo.

Asubuhi moja faili lilikuja kama kawaida, namba na umri bila jina. Waya ulikuwa umeshafika ndani mgonjwa alipoanza kulalamika kwa Kindali, lugha ya kwetu Ileje. Sauti ile nilikuwa nimeisikia nyuma ya ukuta kwa miaka ishirini ya ndoa. Alikuwa baba wa mume wangu, mzee wa kijiji cha Mbebe. Nilijua anaumwa, sikujua kama ni siku hiyo.

Nyinyi vijana mnapiga picha na wakwe zenu. Katika ukoo nilioolewa mimi, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akija njia hii, wewe unashika ile. Humtaji jina, humsemeshi, humtazami usoni. Sikuwahi kukosea hata mara moja, na nilijivunia.

"Anataka kuinuka," daktari akasema. "Hapa hakuna anayejua lugha yake. Akiinuka waya utachomoka, na sasa hivi moyo wake haupigi bila huo waya."

Nilikuwa nimekatazwa mara mbili, na bosi na mila. Nikapiga moyo konde, nikamwomba daktari aongeze sauti ya spika.

"Mzee, lala," nikasema kwa Kindali. "Usiinuke."

Akauliza, "Wewe ni nani?"

"Fundi wa mashine."

"Kwenu wapi?"

"Mbali, mzee."

Hakunihoji zaidi, nami nikajua kwamba ameitambua sauti yangu. "Haya, fundi," akasema taratibu. "Nifanye nini?"

"Vuta pumzi. Sasa kohoa."

Kikohozi ndicho kinachoonyesha kama waya umeshika. Akakohoa kwa nguvu, na halikuruka hata pigo moja. Walipomaliza nilizima kompyuta, nikalia.

Nyumbani hakulitaja jambo hilo, wala mimi sikulitaja. Ila kila nilipofika Mbebe, mama mkwe alinipokea huku akicheka chini chini. "Mzee anamsalimia fundi. Anasema betri haina neno."

"Mwambie fundi amefurahi sana."

Mzee mwenyewe yuko chumba cha pili, anasikia kila kitu. Tulizungumza hivyo kwa miaka sita, na adabu haikuvunjika.

Alifariki kwa uzee tu, mwezi uleule niliostaafu. Uso wake niliutazama siku ya kumuaga, kwa mara ya kwanza, nikakuta mume wangu amefanana naye kupita kiasi.

Watu huniuliza kama nimeikumbuka kazi. Nimeikumbuka. Nikienda Mbebe siku hizi napita njia yoyote, naingia hata chumba cha pili, hakuna anayeniuliza. Natamani sana kukatazwa tena.