Nyeupe Aliyoichanganya Dada

Dada yangu alichanganya rangi za nyumba kwa jicho tu, miaka ishirini na sita, katika duka la vifaa vya ujenzi ambako mimi ni karani. Mteja alileta kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, kidogo kama ukucha, naye dada akadondosha rangi, akakoroga, akapaka kwenye kadi na kuianika kwanza. Rangi mbichi, alisema, ni kama mchumba: bado haijasema ukweli wake.

Alinifundisha kwamba nyekundu, njano na bluu ndizo mama, nyingine ni watoto na wajukuu. Na kwamba nyekundu inayopiga kelele hutulizwa kwa tone la kijani, mpinzani wake. Hata mimi, alinitania, ningepata mume wa kunipinga kidogo ningetulia.

Mwaka jana mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Aliniambia mimi peke yangu, maana bosi alishasema asiyeona vizuri aende nyumbani. Kila kitu kilimjia na umanjano. Nyeupe aliiona chafu, akawa anaitia bluu ili aisafishe.

Siku moja alikuwa na makopo kumi na mawili ya rangi nyeupe ya wodi ya wazazi. Akanishikia kadi mbele ya uso.

"Mdogo wangu, usinionee huruma. Hii ni nyeupe?"

Ilikuwa bluu, kama shuka lililozidishiwa bluu ya kufulia. Nikasema, "Nyeupe, dada."

Wodi ikapakwa. Mkandarasi akaja kufoka mbele ya wateja, na fundi mmoja akauliza kama watoto sasa watazaliwa mawinguni. Dada alifuta vijiti vyake vya kukorogea kimoja kimoja, akavua aproni. Nilimwomba msamaha njia nzima. Mlangoni kwetu ndipo aliponijibu.

"Ungesema kweli, ningechanganya kwa macho yako. Nani angejua?"

Aliishi miezi mitano tena. Moyo ulisimama wiki mbili kabla ya upasuaji wa macho; Mungu amlaze pema. Jioni zote hizo tulisali pamoja, na hakuna siku aliyoniacha nje ya dua zake. Naamini alinisamehe. Ila akitaka kujua kama nyanya zimeiva, au kama gauni lake limechujuka, alimwita jirani, mimi nikiwa nimekaa papo hapo.